Shahidi wa Lundo la Mafundoni

Watu wa Mafundoni hawana taka. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye barua yao ya mwaliko, na ndivyo Mwasiti alivyoambiwa na kila aliyempokea, kuanzia karani wa mpakani mpaka mwenye nyumba aliyopangiwa kufikia. Ukiuliza makombo ya chakula yanakwenda wapi, watakwambia yanakwenda Lundoni. Ukiuliza Lundo ni nini, watakwambia ni heshima ya mtaa. Neno taka lenyewe hulisikii, na ukilitamka wewe mgeni watu hutazama pembeni, kana kwamba umetaja ugonjwa wa mwenye nyumba mbele ya wakwe zake.

Mwasiti alialikwa kwa sababu kwao alikuwa mtu wa mboji. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameongoza kikundi cha kina mama wa mtaani kwake, wakikusanya maganda na mabaki ya majikoni, wakiyachanganya na majani makavu na kuyageuza mpaka yakawa udongo mweusi wa kuoteshea mboga. Mafundoni walisikia habari zake wakamwandikia aje awe Shahidi. Kila mwaka huita mgeni mmoja anayeijua kazi hiyo, akakaa nao siku kumi, na siku ya kumi akatia mkono ndani ya Lundo mpaka kwenye kiwiko na kusema mbele ya watu kama limeiva. Hawamwombi jambo jingine lolote.

Alikwenda kwa moyo mzito. Binti yake Zamda alikuwa na mimba ya kwanza, na mkunga alisema mwisho wa mwezi. Mwasiti alimwahidi kuwa atakuwepo, amkande kwa maji ya moto kama yeye mwenyewe alivyokandwa na mama yake. Ukiondoa siku za ugeni na za njiani, zilibaki siku tano. Zilitosha, mradi lisiharibike jambo. Na Mwasiti ni mtu ambaye akishasema "mradi lisiharibike jambo", usingizi humwisha.

Mwenyeji wake aliitwa Bi Chausiku, mjane, mkulima wa mchicha na matango, mtu wa maneno machache. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kipande cha kanga kiganjani. Asubuhi ya kwanza alimletea mgeni wake mfuko wa nailoni na uzi mweupe.

"Huu ni uzi wa wageni," alisema. "Kila kinachobaki, mwenzangu, tia humu. Kaza mdomo wa mfuko pumzi isipite, funga fundo, kisha upeleke Lundoni."

"Na vitu kama chupa?"

"Humo humo."

"Havitenganishwi?"

Bi Chausiku alimtazama kama anayemwonea huruma. "Mtu akianza kutenganisha, si atajulikana kala nini na kavunja nini? Sisi hatuishi hivyo."

Baadaye Mwasiti alielezwa sheria yenyewe, nayo ni ya kwanza katika sheria zote za nchi ile: furushi la mtu ni siri ya nyumba yake, na alifunguaye la mwenzake amemvua nguo hadharani. Kila nyumba ina rangi yake ya uzi, kwa hiyo kila mtu anajua furushi lipi ni la nani, na hakuna anayejua ndani mna nini. Kinachoonekana ni ukubwa tu. Furushi kubwa ni nyumba iliyoshiba. Asubuhi utawaona wakubwa wa mji wakielekea Lundoni polepole, wameinama kidogo, ili majirani wapate kuuona uzito.

Mwasiti alipofungasha furushi lake la kwanza alikuwa na maganda ya ndizi, betri mbili za tochi zilizokwisha, kioo cha mkononi kilichopasuka safarini, na vidonge vyake vya presha vilivyopitwa na muda. Kwao, mwanakikundi angetia betri kwenye maganda, angemkaripia mpaka alie. Lakini aliona haya kumrudia mwenyeji wake na swali lile lile. Akatanguliza betri, akafuatisha kioo na vidonge, akafunika kwa maganda, akakaza uzi mweupe. Alijua alichokifanya, na aliporudi kutoka Lundoni alinawa mikono mara mbili.

Lundo lenyewe lilikuwa na ukubwa wa nyumba ya vyumba viwili, nyuma ya ofisi ya Baraza, ndani ya uzio uliopakwa chokaa. Mafurushi yalipangwa kwa ustadi, mafundo yote yakitazama nje. Harufu ilikuwepo, tena kali, ila watu wa pale hupita wakiwa wamekaza uso na kuulizana habari za nyumbani. Mkubwa wa mahali pale aliitwa Bwana Mrisho, Mlezi wa Lundo, mtu wa makamo mwenye kofia safi na kalamu mbili mfukoni. Uzi wake ulikuwa mwekundu. Furushi lake lilikuwa kubwa kuliko yote, na kila juma liliwekwa juu kabisa.

"Joto lake huwa mnalipima?" Mwasiti alimuuliza.

"Kila siku saa nne, Bi Shahidi. Hatukosi."

Akampeleka ofisini, akamfungulia kabati la kioo. Ndani yake kulikuwa na kipimajoto kirefu kimelazwa juu ya kitambaa cha kijani. Bwana Mrisho aliinama, akasoma, akaandika kwenye daftari: nyuzi ishirini na sita.

"Mnakisomea humu humu?"

"Tukikitia kule kitachafuka," alisema Bwana Mrisho bila kutania. "Nani ataamini kipimo kichafu?" Kisha akaongeza kwa fahari, "Lundo likipata moto, ujue ndani kuna ugomvi. La kwetu halijawahi. Liguse mwenyewe. Baridi kama mtungi."

Mwasiti alikuja na fimbo yake ya kupimia, ile ya mkwaju aliyoichonga ncha mwenyewe. Aliichomeka katikati ya mafurushi, akasubiri, akaichomoa na kuishika. Ilikuwa baridi kweli, na utelezi ulioganda kwenye ncha ulimfanya ageuze uso.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia barabara. Lundo huwa baridi kwa namna mbili. Chungu kilichopikwa kikaachwa kipoe ni baridi, na chungu ambacho hakijawahi kutengwa jikoni nacho ni baridi, na anayegusa kwa nje hawezi kuvitofautisha. Kwao, lundo lilipata moto mpaka fimbo haishikiki, likageuzwa, la nje likaingia ndani, likapata moto tena, na moto ule ndio ulioua vijidudu vya magonjwa. Kupoa kulikuja mwisho, pamoja na harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Hili la Mafundoni lilikuwa limenyimwa hewa tangu siku ya kwanza. Lilikuwa linaoza gizani, nepi na mifupa na Mungu anajua nini kingine, kila nyumba na uozo wake.

Alimweleza Bwana Mrisho yote hayo. Bwana Mrisho aliandika kila neno. "Rai nzuri sana," alisema. "Itapelekwa Barazani."

Baraza lilikaa siku ya tano. Shauri la kwanza lilikuwa nzi. Mjumbe mmoja alitaka wahesabiwe kwenye taarifa ya mwaka, kwa kuwa wamekuwa wengi. Mwingine akapinga: nzi hawazaliwi Lundoni, wanakuja, na anayekuja ni mgeni, na taarifa ya mwaka ni ya wenyeji. Wa tatu akauliza, nzi aliyekaa miaka yote hiyo bado ni mgeni? Walibishana mpaka adhuhuri, kwa adabu kabisa, kila mmoja akimwita mwenzake mheshimiwa. Wakaafikiana kuwa nzi ni wageni, wasiandikwe.

Ndipo ikasomwa rai ya Shahidi. Waliisikiliza vizuri. Kufungua mafurushi kulikataliwa bila mjadala. Kuhusu kugeuza, mzee mmoja mwenye uzi wa zambarau alisimama akauliza kwa upole, "Ukigeuza, la chini si litakuja juu? Na la juu liende wapi?" Wajumbe wote walimtazama Bwana Mrisho, Bwana Mrisho akatazama kalamu zake. Rai ikawekwa kando.

"Nikishasema limeiva, mnalifanyaje?" Mwasiti aliuliza.

"Linapondwa kwa mitwango, Bi Shahidi. Mafurushi yote kwa pamoja, mpaka la huyu lisijulikane na la yule. Kisha linagawiwa kwenye vitalu vya mboga."

"Na nikisema halijaiva?"

Bwana Mrisho alifungua kitabu cha sheria na kusoma polepole. "Lundo ambalo halijaiva ni mali ya aliyesema halijaiva. Atalilea yeye, wala hatavuka mpaka, hadi liive." Akafunga kitabu. "Tumepokea mashahidi ishirini na wawili. Hatujawahi kuitumia sheria hiyo."

Majina ya wote ishirini na wawili yalikuwa kwenye ubao ukutani, na mbele ya kila jina neno lile lile: limeiva. Mwasiti alimjua mmoja wao. Alikuwa mtu makini, aliyewahi kuwafundisha wao kazi hii. Mwasiti alimkasirikia, kisha akakumbuka siku zake tano, na hasira ikakosa pa kusimama.

Jioni ile alimkuta Bi Chausiku akiosha vyombo kwa mkono mmoja, akaomba aachiwe amsaidie. Kile kipande cha kanga kililowa, kikafunguka. Kidonda kilikuwa kirefu, kimevimba pembeni, na si cha jana.

"Umejikata na nini, Bi Chausiku?"

"Kitaluni. Mwaka jana, tulipotandaza."

"Chupa?"

"Nitajuaje? Ilikuwa imeshapondwa." Aliendelea kusuuza sahani. "Mkono si kitu. Shida ni homa ya shahidi."

Mwasiti hakuwahi kuisikia homa hiyo. Bi Chausiku akamweleza bila kumlaumu, kama mtu anayemweleza mgeni habari za mvua. Kila mwaka, mboji ikishatandazwa na matango ya kwanza kuliwa, watu huharisha na kutapika. Shahidi anakuwa ameshaondoka, kwa hiyo watu husema ni ugonjwa aliowaachia. Mwaka juzi ulimchukua mdogo wake, Mwanaharusi, kwa siku tatu tu.

"Nawe unaamini ni mashahidi?"

"Mwenzangu, nikiamini kitu kingine itabidi nimfungulie mtu furushi lake." Akakunja kile kipande cha kanga. "Kesho yakiletwa matango, usile. Nakuambia wewe tu."

Siku zilizobaki hazikumkalia vizuri Mwasiti. Alikuwa akioga anajikuta analisema lile neno, limeiva, ili aone kama linatamkika. Linatamkika vizuri tu. Kisha anamwona Zamda, amekaa peke yake kitandani baada ya kujifungua, na birika halijawekwa jikoni. Kisha anauona mkono wa Bi Chausiku. Alijiambia kuwa mgeni hana mamlaka ya kuwabadilisha watu kwa siku kumi, na alijua kuwa anajidanganya, maana hakuna aliyemtaka abadilishe watu. Waliuliza swali moja, na yeye alikuwa na jibu.

Siku ya kumi mji mzima ulikuwa uwanjani. Mitwango ilipangwa ukutani, mipya, imepakwa mafuta. Bwana Mrisho alimkunjia Shahidi mkono wa nguo kwa heshima, akamwonyesha upenyo ulioachwa wazi upande wa mbele, palipowekwa mafurushi ya siku za karibuni. Mwasiti akaingiza mkono, ukafika kwenye kiwiko. Nailoni ilikuwa baridi na imetoka jasho. Alitaka kuuchomoa upesi aseme, yaishe. Lakini vidole vyake vilikutana na uzi, na chini ya uzi, ndani ya mfuko, vikashika vitu viwili vigumu vya mviringo vilivyolala sambamba. Zilikuwa betri zake. Kesho zingepondwa, keshokutwa zingekuwa kwenye kitalu cha Bi Chausiku.

"Halijaiva," alisema.

Bwana Mrisho alimwomba arudie, nadhani akitumaini amesikia vibaya. Mwasiti akarudia, na safari hii alikuwa analia, kwa sababu alikuwa anamwambia Zamda pia.

Bwana Mrisho alichukua kibali cha Mwasiti cha kusafiria, akakitia mfukoni nyuma ya kalamu. "Basi Lundo ni lako," alisema, na uso wake haukuwa na furaha yoyote.

"Kama ni langu, naanza na langu." Mwasiti aliuvuta ule mfuko wenye uzi mweupe, akauweka chini mbele ya watu wote, akafungua fundo. Sheria ilikataza kufungua la mwenzako. Juu ya lako mwenyewe ilikuwa kimya, kwani hakuna aliyewaza kuwa mtu angelifungua. Akatoa vitu kimoja kimoja. Maganda upande huu, betri upande ule, vipande vya kioo, vidonge. "Hivi niliviweka mimi," alisema, "na kazi yangu ni kuwafundisha watu wasiviweke."

Watu waligeuza nyuso. Wengine waliwafunika wenzao macho. Bi Chausiku peke yake ndiye aliyetazama, akatazama mpaka mwisho, kisha akasogea kwenye Lundo kutafuta uzi wake wa samawati. Alilifungua furushi lake kwa mkono wa kushoto na meno. Kulikuwa na vitambaa vyenye damu, maganda ya matango, na shanga za Mwanaharusi zilizokatika, alizozitupa kwa kuwa hakuweza kustahimili kuziona. Akaziokota hizo, akazifunga kwenye pindo la kanga. Kufikia alasiri watu saba walikuwa wamefungua ya kwao. Hakuna aliyekufa kwa aibu, ingawa mmoja alikimbilia nyumbani.

Bwana Mrisho alipanda juu ya Lundo akalikalia furushi lake jekundu. Alikaa pale mchana kutwa, siku tatu mfululizo, kofia kichwani. Chini yake Mwasiti na wale saba wakafanya kazi. Vya kukata na vya sumu waliviweka kwenye madebe yenye vifuniko. Nepi na mizoga wakavitenga mbali na mboji. Yaliyobaki wakayapanga upya pembeni, tabaka la maganda, tabaka la majani makavu, maji ya kunyunyizia tu, yakiachwa yapumue. Kila jioni Mwasiti alihesabu. Zilibaki siku nne. Zilibaki tatu. Zilibaki mbili. Aliichomeka fimbo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na kila mara ilitoka baridi.

Asubuhi ya nne fimbo ilitoka na mvuke. Mwasiti alimwendea Bwana Mrisho pale juu, akamnyooshea. "Shika."

Bwana Mrisho aliishika, akaiachia hapo hapo. Akautazama ule mkono wake kwa muda mrefu. Miaka yote ile ya ulezi hakuwa ameligusa Lundo likiwa na uhai. Kisha akateremka na furushi lake, akalifungua mwenyewe. Lilijaa mchanga, na juu ya mchanga mihtasari ya zamani ya Baraza.

"Nyumbani tuko wawili, mimi na mke wangu," alisema, akimwambia Mwasiti lakini watu wote wakisikia. "Tunakula tunamaliza. Mabaki nitayatoa wapi, na mimi ndiye Mlezi?"

Hakuna aliyecheka. Mzee wa uzi wa zambarau alijikohoza na kutazama furushi lake, nalo lilikuwa kubwa kwa kiasi cha kutia shaka.

Bwana Mrisho akaenda kukileta kitabu. Akasoma ile sheria tena, kidole kikifuata maneno. "Lundo ni mali ya aliyesema halijaiva. Haikusema awe mmoja, wala haikukataza mmoja kumwachia mwenzake ulezi." Akavua kofia. "Mimi nasema halijaiva."

"Nami nasema," Bi Chausiku akadakia. Wale wengine wakafuata, na wawili watatu ambao hawakuwa wamefungua kitu. Bwana Mrisho akatoa kibali mfukoni, akakipangusa, akamkabidhi Mwasiti. Lundo lilikuwa na wenye kulilea, na Shahidi alikuwa huru kuondoka.

Aliwaachia fimbo. Aliwaambia kila siku ya nne waligeuze, la nje liingie ndani, na wasilipumzishe mpaka fimbo itoke ya uvuguvugu hata baada ya kugeuza, na harufu iwe ya udongo. Waliitikia. Lakini alipogeuka getini aliona mafurushi yaliyofungwa bado ni mengi kuliko yaliyofunguliwa, na mitwango ilikuwa bado ukutani.

Alifika kwao jioni, na Zamda alijifungua alfajiri iliyofuata, mtoto wa kike. Mwasiti alichemsha maji, akachovya kitambaa, akakamua, akamkanda mgongo na kiuno kama alivyoahidi. Siku ya nne, katikati ya kukanda, alisimama akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Umesahau kitu, mama?" Zamda aliuliza.

"Leo ni siku ya kugeuza."

"Kugeuza nini?"

Mwasiti alikuwa anawaza ni nani atakayekuwa ameamka huko Mafundoni akashika uma wa kugeuzia, na kama fimbo imetoka ya moto, au kama Baraza limeshakaa. Kitambaa kilikuwa kimempoa mkononi. Akakirudisha kwenye maji, akakamua, akaendelea kumkanda mwanawe.